Kutoka Kivukoni hadi Kidichi: Bibi harusi wa Kiajemi na funzo kwa nyumba zetu



Kivukoni ni mahali ambapo jina limebaki na kazi yake imeondoka. Kwa miaka mingi hapa ndipo palipokuwa na pantoni la kuvusha watu, magari na mizigo katika Mto Kilombero, baina ya Ifakara na upande wa Ulanga. Aliyechelewa alilala ng'ambo. Maharusi nao walisubiri kama wasafiri wengine. Zilikuwapo siku za masika ambapo mto ulifura, na msafara wa bibi harusi ukakaa ukingoni tangu Adhuhuri hadi Magharibi, kina mama wakiimba ili binti asivunjike moyo. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja lenye urefu wa mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli, na leo mtu huuvuka mto kwa miguu kabla hajamaliza nyiradi zake za baada ya Swala.

Bonde letu tangu zamani ni bonde la wageni. Wapo Wandamba, mabingwa wa mitumbwi na nyavu. Wapo Wapogoro, Wambunga, Wahehe na Wabena. Wapo waliokuja na reli ya TAZARA na mashamba ya miwa ya Kidatu. Na siku hizi wapo Wasukuma na mifugo yao. Vijana wetu huenda mbali kuuza mpunga, na baadhi yao hurudi na mke ambaye hajapata kuliona dungu la kuwindia ndege shambani. Hivyo si ajabu kwamba mashauri mengi yanayofika katika kamati ya msikiti wetu ni ya ndoa, na mengi kati ya hayo ni ya mke aliyetoka mbali.

Shauri moja kati ya hayo ndilo lililotusafirisha hadi Unguja, na kwa ridhaa ya wahusika tunalieleza hapa bila ya kutaja majina, kwa kuwa tumeona lina faida kwa familia nyingi.

Kijana wetu, mfanyabiashara wa mchele, alioa binti wa upande wa Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja. Binti huyo alikuwa mwalimu wa madrasa kwao, msomaji mzuri wa Qur'an na mwenye kauli thabiti. Mume alimfanyia makubwa. Alimjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, akaezeka kwa bati jipya, na kubwa kuliko yote, akamjengea bafu ndani ya nyumba, lenye vigae na tangi la maji juu ya mnara. Katika mtaa ambao wengi wetu tunaoga uani nyuma ya kizuizi cha mabati, bafu hilo lilikuwa habari. Watu walikuja kulitazama.

Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili binti aliomba ruhusa kwenda kufunga Ramadhani kwa wazazi wake. Akapewa. Idi ikapita, na mwezi wa pili ukapita, na hakurudi.

Malalamiko ya upande wa mume yaliletwa mbele ya kamati yakiwa yamepangwa vizuri. Kwamba mke huyu anaendesha pikipiki mwenyewe na kuvuka daraja hadi Minepa na Lupiro kununua mpunga. Kwamba akiulizwa jambo na wazee hujibu moja kwa moja, wala hasubiri kusemewa. Kwamba haonekani kwenye kisima wala ukingoni wanakoshuka kina mama kununua perege na kambale, kana kwamba anawaona wenzake si kitu. Mama mkwe alilifunga shauri kwa neno moja: jeuri.

Kamati ikaona tufuate mwongozo wa Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, unaoelekeza kupelekwa msuluhishi kutoka kwa jamaa za mume na msuluhishi kutoka kwa jamaa za mke pale inapohofiwa mfarakano baina ya wawili. Upande wa mume akateuliwa baba yake mkubwa. Imamu wetu na mkewe wakakubali kufuatana naye, nasi tukaambiwa twende kuandika yatakayokubaliwa. Tulibeba pia barua ya nasaha kwa binti, yenye nukta saba juu ya wajibu wa mke. Barua hiyo tuliichapa sisi wenyewe, na tunakiri kwamba tuliiona nzuri.

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Barabara ya kutoka Ifakara hupita Kiberege na Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wa kushoto imejifunika ukungu, kisha huingia katika miwa ya Kidatu, na hatimaye huungana na barabara kuu pale Mikumi. Morogoro tukapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, jambo lililomfurahisha sana baba mkubwa, ambaye alipata kusafiri njia hiyo kwa lori la mpunga siku mbili. Asubuhi iliyofuata tukapanda boti. Mke wa Imamu hakuwahi kuiona bahari. Alikaa dirishani kimya, na tulipokaribia Forodhani akasema: "Basi binti yule aliyaacha haya yote akaja kwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza habari za safari."

Hatukumjibu, ila neno lile tulikumbuka baadaye.

Nyumbani kwao tulipokewa kwa heshima ya Kiunguja: udi, kahawa chungu, halua, na maswali marefu ya hali. Msuluhishi wa upande wao alikuwa ami yake binti, mwalimu mstaafu. Tulipokwisha kunywa kahawa na baba mkubwa kueleza tulichofuata, mzee yule alitazama mlangoni kama mtu anayemngoja mwingine aingie, kisha akauliza swali moja: "Na mwenyewe yuko wapi?"

Tukamwambia mume yuko shambani, mpunga umetoa masuke na ndege ni wengi.

"Ndege," akasema, akitikisa kichwa kwa upole. "Haya. Leo ni Ijumaa. Tukaswali, kisha niwapelekeni mkaone mahali. Maneno tutayazungumza kesho, inshaallah."

Alitupeleka kwanza Mtoni. Hapo, kando ya bahari, katika njia ya kutoka mjini kuelekea Bububu, yapo magofu ya kasri la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyeuhamishia utawala wake Unguja na kufariki dunia baharini mwaka 1856 akiwa safarini kutoka Oman. Kuta zimesimama bila ya mapaa, na kijito kilichopapa mahali jina lake bado kinapita. Katika kasri hilo alizaliwa mwaka 1844 binti yake Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, akahamia Ujerumani na kuacha dini ya wazee wake, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Kwa hilo la dini tunamwachia Mola wake. Lakini kwa habari za ndani ya nyumba ile, yeye ndiye shahidi aliyeandika.

Kwa maelezo yake, Mtoni waliishi watu wapatao elfu moja: watoto, masuria, watumishi na watumwa, ambao jasho lao ndilo lililolisha nyumba hiyo na mashamba yake ya karafuu. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Na mwisho wa ua palikuwa na safu ya mabafu yasiyopungua kumi na mawili. Salme anaeleza kwamba mabafu hayo hayakuwa mahali pa kuoga tu. Watu walikaa humo, wakaswali, wakasoma, wakala na hata kulala, na tangu kabla ya alfajiri hadi usiku wa manane hayakuwa matupu. Ukitaka kujua habari za nyumba, ulikwenda bafuni.

Mwenye amri katika nyumba hiyo alikuwa Bibi Azza binti Seif, mke wa Sayyid Said, aliyekuwa mzaliwa wa ukoo wa kifalme wa Oman. Kwa maelezo ya Salme, alikuwa mfupi wa kimo na hakuwa na mtoto, lakini neno lake lilipita kwa wote, na Sayyid mwenyewe aliyafuata mashauri yake. Watoto wa nyumba ile walimwogopa kuliko walivyompenda.

Katika ukoo huo wenye bibi wa namna hiyo, ndipo alipoletwa katika miaka ya 1840 bibi harusi mwingine wa kifalme, kutoka Uajemi. Aliitwa Shehrzad, na husimuliwa kuwa mjukuu wa Shah. Hakuja peke yake. Salme anasema alifuatana na wapanda farasi wa Kiajemi 150, waliokaa ghorofa ya chini, naye alitoka nao mchana kweupe kupanda farasi na kuwinda. Kwao huko mabinti wa ukoo walilelewa hivyo, kwa mazoezi makali ya mwili, kupanda farasi na kulenga shabaha. Kwa desturi za Waarabu wa Unguja lilikuwa jambo lisilovumilika. Mavazi yake nayo yalishonewa lulu, na husimuliwa kwamba lulu zikianguka, mtumishi aliyefagia na kuziokota aliachiwa, kwa kuwa bibi hakuona haja ya kuzidai.

Hapo ami akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kwa sauti ya mwalimu anayejua darasa lake limekwisha kuelewa: "Mnaona? Anapanda farasi, ana kauli yake, hana mtoto wa kumfunga mahali, na nyumba ina mwenyewe kabla yake."

Baba mkubwa alikohoa. Sisi tukaangalia chini.

Kutoka Mtoni tulipanda gari hadi Kidichi, ndani ya mashamba, katika uwanda wa juu wa kisiwa. Hewa huko ni nyepesi zaidi, na harufu ya mikarafuu na mimea ya viungo hukupokea njiani. Hapo ndipo Sayyid Said alipomjengea Shehrzad bafu mwaka 1850, kwa namna ya kwao Uajemi. Kwa nje jengo halina makuu: kuta nyeupe zilizochakaa na makuba ya mviringo. Ndani kuna chumba cha kuvulia nguo, birika la kuogea na vibaraza vya kusingwa mwili. Ukiinua macho unaona kuta zimejaa nakshi za chokaa: maua, mitende, na ndege. Baba mkubwa aliwaona ndege wale akauliza kama inafaa kuchora viumbe wenye roho. Imamu akamjibu kwamba haifai kwetu, na kwamba pengine hata waliokuwa hapa waliliona hilo, lakini Sayyid aliwaachia mafundi wa Kiajemi wamtengenezee bibi kile ambacho macho yake yalikizoea.

Tulikaa ndani ya bafu lile kwa muda. Ni zawadi ya mtu mkarimu, wala hakuna anayeweza kulikana hilo. Mtawala wa Oman na Unguja, mwenye majahazi na mashamba, alikaa akafikiri: mke wangu amezoea nini? Kisha akakijenga kwa mawe. Ni waume wangapi kati yetu huuliza hata swali hilo?

Lakini jambo jingine lilitugusa sote kwa wakati mmoja, na aliyelisema ni mke wa Imamu. Alisema: "Pale Mtoni mabafu yalikuwa kumi na mbili, yamejaa watu. Hili ni moja, na liko huku peke yake."

Ndoa ile haikudumu. Shehrzad alipewa talaka, akarudi kwao, bila ya mtoto. Salme anaeleza sababu, na ndani yake mna tuhuma ambazo sisi hatuzichapi katika ukurasa wa familia. Salme alikuwa mtoto mdogo wakati huo, aliandika yale yaliyosemwa na wakubwa wa nyumba, na sheria yetu imeweka sharti zito la mashahidi kwa anayenyooshea kidole heshima ya mwanamke. Anasimulia pia kwamba miaka ya baadaye, wakati wa vita vya Bandar Abbas baina ya Oman na Waajemi, ilisemekana Shehrzad alionekana upande wa jeshi la kwao, akiwalenga jamaa za mume wake wa zamani. Ukiisoma habari hiyo unapata picha ya mwanamke ambaye nyumba ile ilimtoa akiwa adui, naye aliingia akiwa mke.

Hatusemi kwamba kosa lilikuwa la Sayyid pekee, wala la Shehrzad pekee, wala la Bibi Azza. Wote wamekwisha kutangulia mbele ya Haki. Tunasema tu kwamba bafu lile lilikuwa zuri, nalo halikuweza kufanya kazi ambayo hufanywa na watu.

Siku ya pili binti aliingia barazani akiwa na mama yake. Alitusalimia kwa adabu, akamshika mkono mke wa Imamu, akakaa. Ami akampa nafasi aseme. Hakulalamika kuhusu umaskini, wala matope ya masika, wala mbu wa bondeni, mambo ambayo tulikuwa tumeyaandalia majibu. Alisema maneno machache, nasi tuliyaandika kama alivyoyasema:

"Mume wangu kanijengea bafu, namshukuru, Mungu amlipe. Lakini kwa sababu nina bafu, hakuna anayenipitia kwenda kisimani. Wanawake wakishuka mtoni kwenda kununua samaki wanapita mlangoni kwangu wakicheka, hawagongi, wanasema yule ana maji yake. Nikitoka mwenyewe naambiwa natangatanga. Nikikaa ndani naambiwa najivuna. Pikipiki niliinunua kwa mahari yangu ili niende Minepa, kwa sababu kule ndiko nilikopata rafiki wa kwanza. Mume wangu nilimwomba jambo moja: anichukue jioni, anipitishe nyumba kwa nyumba, aseme huyu ni mke wangu. Akasema, si wanakujua?"

Baraza lilinyamaza. Baba mkubwa, mtu mgumu aliyetoka Kivukoni na nia ya kumrudisha binti siku ileile, aliuliza kwa sauti ndogo: "Hata mimi sikuja kukugongea, mwanangu?"

Akajibu: "Ulikuja kulitazama bafu, baba."

Jioni ile baada ya Isha, Imamu wetu alizungumza nasi msikitini habari za Mama wa Waumini Safiyya binti Huyayy (RA), na tunaziandika hapa kwa maana yake, kwa kuwa zinajulikana katika vitabu vya Hadithi. Safiyya alikuwa binti wa kiongozi wa Banu Nadhir. Aliingia katika nyumba ya Mtume (SAW) mwaka wa 7 Hijria baada ya vita vya Khaybar, akitoka katika ukoo mkubwa ulioshindwa, kwenda kwa watu waliokuwa na sababu nyingi za kumtazama kwa jicho la pembeni. Kama yupo bibi harusi aliyeingia ugenini kwa uzito, ni yeye.

Mtume (SAW) alifanya nini? Safari ya kurudi Madina ilipoanza, alikaa kando ya ngamia, akaweka goti lake, na Safiyya akakanyaga goti hilo tukufu apate kupanda. Jeshi lote lilikuwa hapo. Alipofika Madina na mmoja wa wake wenzake akamsema kwa asili yake hadi akalia, Mtume (SAW) alimfundisha la kujibu: kwamba yeye ni wa kizazi cha Nabii, ami yake ni Nabii, na yuko chini ya Nabii, basi wanajifaharisha kwa lipi juu yake? Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia aisahau asili yake. Alimpa asili yake mkononi kama ngao. Na usiku mmoja wa Ramadhani, Mtume (SAW) akiwa katika itikafu, Safiyya alimzuru msikitini, na alipoondoka, Mtume (SAW) alisimama akamsindikiza. Watu wawili wakapita. Akawasimamisha akawajulisha kwamba huyu ni Safiyya.

Hadithi hiyo ya itikafu wanazuoni huitumia kufundisha kujiepusha na dhana mbaya, na ndivyo ilivyo. Lakini usiku ule, baada ya kutoka Kidichi na baada ya kumsikia binti yetu, tuliona pia lile ambalo liko wazi ndani yake: mume alisimama, akatembea na mkewe, na akamtaja kwa jina mbele za watu. Halikugharimu tofali hata moja.

Imamu hakuongeza neno. Alituuliza tu iko wapi ile barua yenye nukta saba. Tukaitoa mkobani. Akasema: "Wajibu wa mke ni haki, hatuufuti. Lakini barua hii imeandikwa kwa asiyekuwa na kosa la kwanza. Irudi ilikotoka." Hatukuisoma.

Suluhu iliyoandikwa ilikuwa na masharti matatu, na wasuluhishi wote wawili waliweka saini. La kwanza, mume aje mwenyewe Bububu kumchukua mkewe, asitume mtu. La pili, siku watakayofika Kivukoni, mume na mama yake wamchukue binti wampitishe kwa majirani na jamaa, nyumba kwa nyumba. La tatu, binti aendelee na biashara yake ya mpunga kwa ruhusa ya mume, akiwa na stara yake, naye ampe mume habari ya safari zake kama mume anavyompa habari ya zake. Binti mwenyewe aliongeza la nne, nasi tukaliandika kwa furaha: kwamba atamtembelea mama mkwe kila Jumatatu na Alhamisi, na kama amefunga, watafuturu pamoja.

Msomaji asidhani tulirudi tukapokewa kwa shangwe. Mume alipoambiwa sharti la kwanza alisema ndege watamla mpunga. Baba mkubwa akamjibu mbele yetu: "Mpunga utaota tena mwakani." Mama mkwe alikasirika zaidi. Aliuliza tangu lini mgeni hutembezwa kama mgonjwa. Ilichukua majuma matatu ya mke wa Imamu kwenda na kurudi katika nyumba ile. Hatimaye kijana akamwajiri mtu wa kulinda shamba, akavuka bahari.

Walifika siku ya Jumamosi, basi likawashusha Ifakara, nao wakachukua bajaji hadi Kivukoni. Jioni yake tuliwaona wakitoka: kijana mbele kidogo, amejaa haya, mkewe pembeni, na mama mkwe nyuma amenuna. Nyumba ya kwanza, kijana alisema, "Huyu ni mke wangu," akataja jina lake, akanyamaza, hakujua la kuongeza. Nyumba ya tatu mama mkwe alikuwa amechoka kusikia mwanawe anavyosema vibaya, akachukua kazi hiyo yeye. Alimtaja binti kwa jina, akataja ukoo wake na mji wake, na akasema, "Anasoma Qur'an kuliko mabinti zenu wote." Kulikuwa na kiburi ndani ya maneno yale, lakini kilikuwa kiburi cha mtu anayesifu cha kwake.

Hatudai kwamba yote yamekwisha. Pikipiki bado inasemwa. Wapo wazee wanaotuambia kamati imemtukuza mwanamke. Hata hivyo, tumeshuhudia binti akishuka ukingoni na kina mama alasiri, kikapu mkononi, akibishana bei ya kambale na wavuvi kwa lafudhi ya Kiunguja inayowachekesha wote. Na bafu lake sasa lina foleni: kina mama wenye watoto wachanga huombwa waende wakawaogeshe kwa maji ya uvuguvugu. Yeye ndiye aliyeomba.

Kamati yetu imejifunza, na imeamua jambo dogo ambalo tunalipendekeza kwa misikiti mingine. Kila kijana anayekuja kutuarifu kuwa anaoa kutoka mbali, kabla ya kuulizwa mahari kiasi gani na nyumba ya aina gani, anaulizwa: nani atampokea mzigo? Nani atampitia jirani wa kwanza kwenda kisimani? Na wewe mwenyewe, utamtaja kwa jina mbele ya nani? Mama wa kijana naye huitwa, na huulizwa hayohayo, kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye mwenye ufunguo.

Mabinti nao tunawausia. Ugenini si mahali pa kuacha utu wako, wala si mahali pa kukataa kila kitu kwa kuwa si cha kwenu. Sema unachohitaji mapema, kwa upole, kabla hakijawa uchungu. Binti yetu alilisema neno lake mara moja tu kwa mume, kisha akalifungia moyoni mwaka mzima. Naye alikiri hilo mbele ya ami yake.

Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, inatukumbusha kwamba mapenzi na huruma baina ya wanandoa ni alama miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu. Alama haijengwi kwa saruji. Atakayejaaliwa kufika Unguja na apande hadi Kidichi, alitazame bafu lile, amwombee dua aliyelijenga na aliyejengewa, kisha arudi nyumbani akamwambie mkewe: vaa, twende tukatembee kwa majirani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie utulivu nyumba zetu, awape subira walioolewa mbali na kwao, na azilainishe nyoyo za wanaowapokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.